Nicodemus: Tumehesabu Watu, Tukasahau Ekari

Mwaka 1950 kijiji cha Nicodemus, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas nchini Marekani, kilikuwa na wakazi 16. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta wakazi 14, pamoja na wale wa viungani. Kati ya hesabu hizo mbili imepita miaka 70, na katika miaka hiyo wageni wengi wamefika na kalamu na kamera kuandika tanzia ya kijiji. Wapo waliorudi miji yao wakiwa na hakika kwamba wamewaona wazee wa mwisho. Wazee wale walizikwa, wengine wakastaafu huko mijini wakarudi, idadi ikapanda kidogo, ikashuka tena, na bado asubuhi pale kuna milango inayofunguliwa.

Mahali panapotabiriwa kifo kwa miaka 70 na pasife panatulazimu tuulize upya swali lenyewe. Maoni yangu ni kwamba tumekuwa tukihesabu kitu sicho. Tunahesabu watu kwa sababu sensa inahesabu watu, na kwa sababu nyumba tupu inapigika picha vizuri. Lakini waliounda Nicodemus hawakwenda kutafuta mji. Walikwenda kutafuta ardhi yenye jina lao juu yake. Anayetaka kujua kama kijiji hiki kinaishi au kinakufa aanze na hati za mashamba: nani anamiliki ekari zinazokizunguka, nani anazilima, na nani anakubaliwa mkopo wa kuzilima.

Nicodemus iko katika kaunti ya Graham, kando ya tawi la kusini la mto Solomon, mahali ambapo barabara kuu ya 24 inakatiza uwanda wa nyasi. Miti iko mtoni tu. Kwingine kote ni anga, upepo na ngano. Meridiani ya 100, ule mstari ambao Wamarekani wameuchukua tangu zamani kuwa mpaka kati ya nchi ya mvua na nchi kame, uko karibu sana upande wa magharibi. Kwa hiyo tangu mwanzo kijiji kilijengwa pembeni mwa uwezekano: mwaka wa mvua kinavuna, mwaka wa ukame kinafunga mkanda.

Waliokwenda kukaa huko walitoka Kentucky. Jimbo hilo halikujitenga na Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, hivyo tangazo la Rais Lincoln la mwaka 1863 halikuwagusa watumwa wake. Wao walisubiri hadi Desemba 1865, yalipopita marekebisho ya 13 ya katiba. Miaka 12 baadaye, mwaka 1877, majeshi ya serikali kuu yakawa yameondolewa Kusini, na kila mtu mweusi aliyekuwa na macho aliona ulinzi umekwisha. Aprili mwaka huo Mzungu mmoja mlanguzi wa viwanja, W. R. Hill, pamoja na mchungaji mweusi, W. H. Smith, waliunda kampuni ya mji wa Nicodemus. Walipita makanisani wakiwaeleza watu kuhusu ardhi ya magharibi. Sheria ya Homestead ya mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160 kwa ada ndogo, mradi akae juu yake miaka mitano na kuilima.

Ardhi hiyo iliitwa ya bure, na sitaki neno hilo lipite hivihivi. Makabila ya wenyeji asilia, Wapawnee, Wacheyenne na Wakansa (hawa wa mwisho ndio ambao jimbo limechukua jina lao), walikuwa wameishi na kuwinda katika uwanda ule vizazi na vizazi kabla ya kusukumwa nje. Watu waliotoka utumwani walikabidhiwa nchi iliyotwaliwa kwa wengine. Hawakuwa wao waliotwaa, lakini ukweli huo umo katika udongo wa Nicodemus, na kila anayeisimulia habari ya kijiji anapaswa kuubeba.

Septemba 1877 kundi kubwa la watu wapatao 300 liliwasili. Walipanda treni hadi mji wa Ellis, kisha wakatembea kilomita 55 hivi kwa miguu. Mwaka uliofuata alikuja Willianna Hickman na mumewe, mchungaji Daniel Hickman. Miaka mingi baadaye mama huyo alisimulia jinsi wanaume walivyopaza sauti kwamba Nicodemus inaonekana, naye, akiwa mgonjwa, akatazama kwa macho yote aliyokuwa nayo asione kitu. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukitoka ardhini. Chini ya kila moshi palikuwa na familia, ndani ya shimo lililochimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa kwa nyasi na udongo. Hickman alisema alianza kulia. Baadhi ya familia hazikuvumilia, zikageuza njia na kurudi zilikotoka.

Waliobaki hawakuwa na wanyama wa kutosha kukokota plau. Wengi waligeuza udongo kwa majembe ya mkono na sepetu, na udongo wa nyasi ambao haujawahi kulimwa una mizizi iliyoshikana kama mkeka. Majira ya baridi ya kwanza waliokolewa na kundi la Waosage, nao wenyeji asilia, waliokuwa wakirudi kutoka kuwinda, wakawagawia nyama. Nimesoma mengi kuhusu ukarimu, lakini hii ya watu waliopokonywa nchi kuwalisha watu waliopokonywa uhuru, katikati ya theluji, ni mojawapo ya zile ninazozirudia mara kwa mara.

Kufikia mwaka 1880 mji na tarafa inayouzunguka vilikuwa na watu weusi 258 na weupe 58. Zachary Fletcher alifungua posta na hoteli. Mkewe, Jenny Smith Fletcher, alifundisha watoto katika nyumba yao ya ardhini. Edward McCabe, aliyefika mwaka 1878 akiwa kijana, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas, cheo ambacho hakuna mtu mweusi aliyewahi kuchaguliwa kukishika hapo kabla. Katikati ya miaka ya 1880 kulikuwa na maduka ya mawe ya chokaa, makanisa, na kisha magazeti mawili. Magazeti mawili, katika mji ambao miaka kumi nyuma ulikuwa moshi unaotoka ardhini! Ipo picha ya mtaa wa Washington ya mwaka 1885 hivi: barabara pana ya udongo, majengo ya mawe, watu wamesimama wima mbele ya kazi ya mikono yao. Anayeitazama haoni mahali palipokusudiwa kuwa makumbusho.

Kisha ikaja habari ya reli, ambayo karibu kila msimuliaji huifanya kuwa chanzo cha anguko. Mwaka 1887 wakazi walipiga kura kutoa hatifungani za dola 16,000 ili kuivuta kampuni ya Missouri Pacific ipitishe njia yake kijijini. Kwa watu waliokuwa na mikono tu miaka kumi kabla, kiasi hicho kilikuwa rehani ya maisha yao yote. Mazungumzo yakavunjika. Mwaka 1888 kampuni ya Union Pacific ikapitisha reli kusini, ng'ambo ya mto, na kilomita chache kutoka Nicodemus ukazaliwa mji wa Bogue kando ya reli. Wafanyabiashara wakahama, wengine wakihamisha hata majengo yao.

Kwamba reli iliumiza halina ubishi. Kituo cha treni ndicho kilichoamua mkulima atapeleka wapi nafaka, hivyo atanunua wapi chumvi na misumari, hivyo benki itafunguliwa wapi. Lakini waliotaka kuifanya reli kuwa jibu la kila kitu waende wakaitazame Bogue, mji ulioshinda. Leo una watu 150 hivi. Mshindi naye yuko kitandani. Kaunti nzima ya Graham ilikuwa na watu 8,700 mwaka 1910. Sensa ya 2020 ilihesabu 2,415. Wazungu nao waliondoka, pamoja na reli yao, benki yao na makanisa yao.

Hapa ndipo ninapoachana na wanaoisimulia Nicodemus kama kisa cha ubaguzi peke yake. Kijiji kiliugua magonjwa mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni la uwanda wote, kutoka Texas hadi mikoa ya ngano ya Kanada, na ninaliita hesabu ya ngano.

Hesabu yenyewe ni hii. Ekari 160 zilipangwa na wanasheria waliozoea mashariki, kwenye mvua ya kutosha. Karibu na meridiani ya 100 mkulima wa ngano ya majira ya baridi alijifunza kuacha sehemu ya shamba bila kupanda mwaka mzima ili udongo uhifadhi unyevu. Akiacha nusu, anabaki na ekari 80 za kumlisha yeye, mke, watoto na farasi. Mwaka 1878, wakati Wahickman wanawasili, mtaalamu wa serikali John Wesley Powell aliliandikia Bunge kwamba katika nchi kame familia ya mfugaji ingehitaji ekari 2,560. Wanasiasa hawakutaka kusikia. Ramani ilikuwa imekwisha kukatwa vipande vya 160. Kwa hiyo vijiji vilijazwa watu wengi kuliko nchi ilivyoweza kuwalisha, na kupungua kulianza kupandwa pamoja na ngano ya kwanza.

Halafu zikaja mashine. Trekta lilichukua kazi ya farasi na ya vijana waliowaendesha. Kombaini ya leo, ile mashine ya kuvunia nafaka, humaliza zaidi ya ekari 100 kwa siku moja. Shamba zima lililolea familia ya mwaka 1885 limekuwa kazi ya siku moja na nusu kwa mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti chenye kiyoyozi. Mashine hiyo inagharimu mamia ya maelfu ya dola, na deni lake halilipiki kwa ekari 160 wala 500. Lazima mwenyewe akodishe au anunue ya jirani. Kila jirani anayeuza anaondoka na watoto wake. Watoto wakiondoka shule inapoteza darasa, duka linapoteza wateja, na baada ya muda posta inafungwa. Nicodemus ilipoteza posta mwaka 1953 na shule mwaka 1960. Hakuna mtu aliyekaa mezani akaamua kijiji kife. Kila mkulima alifanya uamuzi wenye akili kwa familia yake, na jumla ya maamuzi hayo ikawa ukimya.

Katika hali hiyo swali la msingi ni moja: nani ananunua, na nani anauza? Mashamba yakipungua kutoka kumi hadi moja, nani atakuwa huyo mmoja? Jibu limetegemea mkopo, na hapo ndipo ugonjwa wa pili unapoingia, ule ambao uliwapata watu wa Nicodemus na haukuwapata jirani zao wa Bogue.

Ngano ya majira ya baridi hupandwa mwezi Septemba na mwanzoni mwa Oktoba. Mkulima anahitaji fedha za mbegu, mafuta na mbolea kabla ya hapo. Benki ikimkataa, anakwenda Wizara ya Kilimo, ambayo ina programu za mikopo kwa ajili ya wakulima waliokataliwa na benki. Kwa miongo mingi kauli kuhusu nani apewe ilikuwa mikononi mwa kamati za kaunti, zilizochaguliwa na wakulima wenyeji. Yaani jirani yako, ambaye naye anatafuta ekari za kuongeza, ndiye aliyeketi kuamua kama utapanda mwaka huu. Wala hakuhitaji kukukatalia. Faili ikikaa mezani hadi Novemba, jibu la ndiyo ni sawa na la hapana, kwa maana msimu umepita na shamba ni tupu. Mwaka wa pili wa namna hiyo unaleta deni, wa tatu unaleta mnada, na mnunuzi kwenye mnada ni yule aliyepata mkopo wake Agosti.

Haya si manung'uniko ya mitaani. Mwaka 1999 mahakama ya serikali kuu iliidhinisha maafikiano ya kesi ya Pigford, iliyofunguliwa na wakulima weusi wakiituhumu Wizara kwa ubaguzi katika mikopo na ruzuku kati ya mwaka 1981 na 1996. Malipo ya kawaida kwa aliyekubaliwa yalikuwa dola 50,000, na maelfu walilipwa. Mwaka 2010 yakafikiwa maafikiano ya pili, ya dola bilioni 1.25, kwa waliokuwa wameachwa nje. Ni fedha nyingi ukizisoma gazetini. Lakini dola 50,000 hazinunui nusu ya kombaini, na fedha hizo hazirudishi ekari iliyokwisha kupigwa mnada. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha mpango wa kuwafutia madeni wakulima wa jamii zilizobaguliwa. Ukapingwa mahakamani, ukasimamishwa, na mwaka uliofuata ukafutwa na nafasi yake kuchukuliwa na sheria nyingine isiyotaja rangi.

Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na wakulima weusi takriban 925,000. Sasa hawafiki 50,000. Wakulima weupe nao walipungua katika kipindi hicho, kwa sababu ya ile hesabu ya ngano, ya pamba na ya maziwa. Lakini weusi walipungua kwa kasi kubwa zaidi, na pengo kati ya kasi hizo mbili ndilo kipimo cha ugonjwa wa pili.

Kuna jambo la tatu ambalo linasemwa kwa sauti ya chini, kwa sababu linaihusu familia yenyewe. Mzee akifariki bila wosia, ardhi inawaendea warithi wote kwa pamoja, bila mipaka. Watoto sita, wajukuu ishirini, kila mmoja na sehemu isiyoonekana. Benki haikopeshi kwa hati ya namna hiyo. Mrithi mmoja akiuza sehemu yake kwa mgeni, mgeni anaweza kwenda mahakamani kuomba shamba lote liuzwe ili wagawane fedha. Kule Kusini mwa Marekani njia hiyo imewatoa watu weusi katika ardhi nyingi mno. Msomaji aliyewahi kukaa kikao cha mirathi cha ukoo hahitaji kuelezwa jinsi shamba la babu linavyopotea bila adui yeyote kutoka nje. Na hata wosia ukiwepo, mrithi anayeishi Denver au Topeka hawezi kuamka alfajiri akapande ngano. Anakodisha kwa jirani. Baada ya miaka kumi ya kupokea hundi ndogo anasikia bei ya ardhi imepanda, na mtu wa kwanza kumpigia simu ni jirani yule anayekodi.

Sasa tuje kwenye kile ambacho Nicodemus inasifiwa nacho. Kila mwisho wa Julai wajukuu na vitukuu wa waasisi hurudi. Sherehe hiyo ina mizizi katika mwaka 1878, walipoanza kuadhimisha Agosti mosi, siku ambayo watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Uingereza waliachiwa mwaka 1834. Wanatoka Kansas City, Denver, California. Kwa siku chache kijiji cha watu 14 kinajaa: magari kando ya barabara, nyama inachomwa, gwaride linapita, ibada ya Jumapili inajaza viti. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Kiswahili kina neno dogo linalobeba mzigo mkubwa: kwao. Mtu anaweza kuzaliwa mjini, akasoma mjini, akazeeka mjini, na bado ukiulizwa kwao ni wapi utataja mahali ambapo hajawahi kulala usiku kumi mfululizo. Sensa haina safu ya jambo hilo. Kwa kipimo cha sensa Nicodemus ni watu 14. Kwa kipimo cha kwao ni maelfu kadri uzao wa zile familia za Kentucky ulivyoenea. Angela Bates, mjukuu wa kijiji aliyerudi na kuanzisha jumuiya ya historia ya Nicodemus mwaka 1988, ametumia miongo kadhaa kuwafanya maelfu hao wasisahau. Ni yeye na wenzake waliosukuma hadi Bunge likaitangaza Nicodemus kuwa eneo la kihistoria la taifa mwezi Novemba 1996, chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa. Yanalindwa majengo matano: makanisa mawili, hoteli ya Fletcher, shule, na ukumbi wa tarafa uliojengwa kwa mawe mwaka 1939 katika mpango wa serikali wa kuwapa watu kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi.

Naiheshimu kazi hiyo kwa dhati. Bila hiyo hata mimi nisingejua pa kuanzia. Lakini ninaamini uamuzi ule wa mwaka 1996 ulikosea kipimo. Serikali ililinda majengo matano katikati ya bahari ya ekari, na ekari zikaachwa sokoni. Serikali hiyohiyo ndiyo iliyofunga posta mwaka 1953 kwa kuwa wateja walikuwa wachache, na mwaka 1976, posta na shule zikiwa zimekwisha kufungwa, ikakipa kijiji hadhi ya alama ya historia ya taifa. Jengo ni rahisi kulilinda. Unaziba paa, unapaka rangi, unaajiri mlinzi. Kumlinda mkulima ni kumpa mkopo mwezi Agosti, mwaka hadi mwaka, hata mwaka wa ukame.

Wapo waliojaribu njia ya ekari. Wakulima weusi wa Kansas waliunda chama chao mwaka 1999, na wakulima wa Nicodemus wakaanzisha ushirika wa unga, ili ngano yao isiishie kumwagwa kwenye ghala kubwa ikachanganyika na ya kila mtu, bali iuzwe kama unga wenye jina la mahali ilipotoka. Hoja yao ilikuwa nzito: mwenye ekari chache hawezi kumshinda mwenye ekari 5,000 kwa wingi, kwa hiyo auze hadithi pamoja na nafaka. Miaka ya mwanzo ya 2000 walijaribu hata tefu, ile nafaka ndogo ya Ethiopia inayopikiwa injera, kwa kuwa inavumilia ukame na ilikuwa na wateja miongoni mwa Waethiopia na Waeritrea walioko Marekani. Jambo hilo linanigusa kila ninapolikumbuka. Watu ambao babu zao walitolewa Afrika kwa minyororo wakaagiza mbegu kutoka upande mwingine wa bara hilohilo, wakaipanda katika udongo wa Kansas, wakitafuta njia ya kubaki.

Juhudi hizi zilibaki ndogo. Kusaga unga kunataka mtaji, kufungasha kunataka mtaji, kufika kwenye rafu za maduka makubwa kunataka mtaji zaidi, na tumekwisha kuona mtaji ulivyogawanywa. Aliyetembea njia zote mbili, ya mjini na ya shambani, ni marehemu Veryl Switzer, mtoto wa Nicodemus aliyechaguliwa na timu ya Green Bay Packers katika raundi ya kwanza mwaka 1954, akacheza mpira wa Kimarekani wa kulipwa, akawa kiongozi katika chuo kikuu cha jimbo, na katika yote hayo hakuiachia ardhi ya nyumbani. Aliendelea kulima ngano pale hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2022. Switzer aliweza kwa sababu alikuwa na kipato kingine. Mfano wake unatutia moyo, na pia unatuonyesha bei: ilihitaji mshahara wa nje ili mtu aendelee kuwa mkulima kwao.

Nitaulizwa, nani leo atataka kwenda kulima Nicodemus? Wachache. Nami sisemi kijiji kirudi kuwa cha watu 300. Hesabu ya ngano haitaruhusu, na kumwahidi mtu hivyo ni kurudia matangazo ya Hill ya mwaka 1877. Ninasema kumi wangetosha. Familia kumi zenye mashamba ya kutosha ni shule ya watoto wachache inayoweza kuunganishwa na ya mji wa jirani, ni waumini wa kudumu wa kanisa, ni mtu wa kumuuguza mzee wa jirani theluji inapofunga barabara. Ili kumi hao wapatikane, ardhi iliyo ndani ya mipaka ya tarafa inapouzwa, mzao wa kijiji apewe nafasi ya kwanza ya kuinunua, na uwepo mfuko wa umma wa kuishika ardhi hiyo kwa miaka mitano au kumi hadi mnunuzi huyo ajipange. Marekani inajua kufanya hivi. Hununua ardhi kulinda ndege wahamao, hulipa wakulima waache mashamba yaote nyasi ili udongo usipeperushwe. Bunge lililotangaza kwamba Nicodemus ni urithi wa taifa linaweza pia kuamua kwamba urithi huo ni pamoja na shamba.

Na wazee waandike wosia. Hili halisubiri Bunge. Jumuiya ya historia inaweza kumwalika mwanasheria akae mezani siku za sherehe ya Julai, wakati ukoo wote uko pale, badala ya kusubiri msiba uwakutanishe.

Sherehe ya Julai huangukia wiki chache baada ya mavuno. Ngano ya Graham huvunwa mwishoni mwa Juni na mwanzoni mwa Julai, hivyo wajukuu wanapowasili kwa barabara ya 24, pande zote mbili ni mabua tu, manjano, yamekatwa usawa mmoja hadi upeo wa macho. Watoto huonyeshwa kanisa, hoteli, shule. Wakiuliza mabua yale ni ya nani, mtu mzima aliye kwenye usukani apunguze mwendo, ayataje mashamba kwa majina, moja baada ya jingine: hili lilikuwa letu hadi mwaka fulani, lile liliuzwa, hili hapa bado.